Mwenyekiti wa kikoba: tabia zinazokifikisha kikundi siku ya mgao

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, kikivunjika kabla ya siku yake ya mgao, mtaani husemwa kuna mtu kala hela. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi hakuna aliyekula. Kikao kilichotangazwa saa kumi kilianza saa kumi na moja na nusu, mwezi uliofuata nusu ya watu wakaanza kumtuma mtoto na hela, wadaiwa wawili wakaona hakuna anayewauliza, na mwenyekiti mwenyewe akachoka kupiga simu. Ari ya siku ya kwanza, ile ya sare za kitenge na picha za pamoja, ikaisha bila mtu kujua iliisha lini.

Haya yameandikwa kwa aliyepewa uenyekiti, na pia kwa mwanachama wa kawaida anayetaka kufika mwisho wa mzunguko na hela aliyoipanga. Ari haiaminiki, kwa hiyo usiitwishe mzigo. Zitwishe siku, saa na namba, na wewe uwe wa kwanza kubanwa nazo.

Utaratibu unaozungumziwa ni ule wa hisa na sanduku, ulioanzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE kisha ukaenea Afrika. Watu 15 hadi 25 (vikoba vya Tanzania, VICOBA, hufika 30) hununua hisa 1 hadi 5 kila kikao, hela inakopeshwa humo humo, na baada ya miezi 9 hadi 12 kila kitu kinagawanywa. Mchezo wa kupokezana kwa kijumbe ni jambo jingine. Hauna riba wala mgao, na mengi ya hapa hayataufaa.

Lengo lako kwanza, la kikundi baadaye

Mwenyekiti asiye na lengo lake mwenyewe humo ndani huongoza kwa maneno, na watu hulijua hilo haraka. Kabla ya kikao cha kwanza, andika kitu kimoja unachotaka kununua au kulipa siku ya mgao, na kiasi chake. Usiandike "kuinua maisha". Andika "shilingi 400,000, ada na sare za Januari".

Kisha hesabu kurudi nyuma. Mwaka una wiki 52. Toa moja ya mapumziko na moja ya mgao wenyewe, zinabaki 50. Gawa 400,000 kwa 50, unapata 8,000 kwa wiki. Kama hisa ya kikundi ni 2,000, hizo ni hisa 4. Lengo lako halisi basi ni hisa nne kila Jumamosi, na hilo ndilo utakalolifuatilia. Laki nne itakuja yenyewe.

Faida usiihesabu ndani ya lengo. Mtu akipanga 400,000 akitegemea 60,000 za riba, mkopo mmoja ukilala anajikuta amepungukiwa na ameanza kununa kwenye vikao. Lengo litoshe kwa hela yako mwenyewe, na riba iwe nyongeza.

Sasa ishushe hadi kwenye siku. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki aweke 1,500 kila siku, jumla 9,000. Jumamosi 8,000 zinakwenda kwenye hisa, 500 kwenye mfuko wa jamii, ule wa msiba na hospitali, na 500 inabaki kwenye kibubu. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha, nayo ndiyo inayookoa. Kwa wiki 50 inafika 25,000, yaani karibu wiki tatu nzima za ugonjwa, mvua au msiba ambazo hisa zako nne zitanunuliwa kama kawaida. Vikoba vingi vinakataza kununua hisa za nyuma, na vinafanya sawa: hisa iliyonunuliwa wiki ya mwisho inapata faida ile ile na ya wiki ya kwanza, kwa hiyo bila katazo hilo mjanja angesubiri Novemba. Wiki ikishapita, imepita. Akiba ya kuziba pengo lazima iwe mkononi wiki hiyo hiyo.

Utaiweka saa ngapi? Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanasema "jioni nikipata nafasi". Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alionyesha katika tafiti zake za miaka ya 1990 kwamba mtu akiufunga mpango wake kwenye tukio maalumu, kwa muundo wa "ikitokea hivi, nafanya vile", huutekeleza zaidi kuliko akibaki na nia tu. Kwa mama lishe inakuwa hivi: "Nikishaosha sufuria la mwisho la mchana, kabla sijavua aproni, nahesabu 1,500 natia kwenye kibubu." Kwa bodaboda: "Nikijaza mafuta ya kwanza ya asubuhi, hela ya abiria anayefuata inakwenda kibubuni." Chagua tukio linalotokea kila siku bila wewe kulikumbuka. Kufunga hesabu za usiku hakufai. Saa hiyo hela imeshapita dukani, kwa mtoto na kwenye vocha, na wewe umechoka.

Kibubu kiwe cha kuvunja, kisicho na mlango. Chenye mlango ni pochi.

Tabia hii haitakolea kwa siku 21 kama inavyosemwa sana. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 na kuchapisha matokeo mwaka 2010: ili jambo lifanyike bila kujisukuma ilichukua kama siku 66 kwa mtu wa katikati, siku 18 kwa aliyewahi, na kwa aliyechelewa ikakadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Kwa hiyo jipe miezi miwili na zaidi ya kujilazimisha, na ukiruka Jumanne usijilaumu. Angalia tu Jumatano isirukwe pia. Kalenda ya ukutani yenye alama ya kalamu kila siku inatosha, programu ya simu haihitajiki.

Dakika 20 za Alhamisi

Kama kikao ni Jumamosi, kazi ya mwenyekiti inaanza Alhamisi usiku. Chukua daftari dogo, lisiwe la kikundi. Andika mambo matatu tu: nani hakuja kikao kilichopita, nani ana marejesho Jumamosi hii na ni kiasi gani, na nini kiliahidiwa mbele ya watu hakijafanyika. Dakika 20 zinatosha kwa watu 25. Wenyeviti wengi huyakumbuka mambo haya kikao kikiwa kimeshaanza, na hapo hayana dawa.

Kisha piga simu. Anayedaiwa apigiwe siku mbili kabla, kwa simu yake, sio kwenye kundi la WhatsApp ambako kumtaja mdaiwa ni kumfukuza. Maneno yenyewe yana uzito. Ukisema "usisahau Jumamosi", utajibiwa "sawa", na "sawa" haina hela ndani yake. Sema hivi, kama wewe ndiye mdogo: "Shikamoo mama Neema. Jumamosi ni marejesho yako, laki moja na elfu kumi na tano. Imeshakamilika, au nipite kesho jioni tuangalie pamoja?" Swali lenye njia mbili humtoa mtu kwenye aibu. Asiyekuwa nayo atachagua njia ya pili, na utakuwa umejua mapema ya kutosha.

Kama hana, yeye mwenyewe aseme kikaoni analeta kiasi gani na kilichobaki lini. Usimsemee, na usimlipie. Wenyeviti wenye moyo mwema ndio wanaoanguka hapa. Anatoa elfu thelathini yake kimya kimya ili kikao kisiharibike, na matokeo yake kikundi hakijui kina deni bovu, mdaiwa amejifunza kwamba kuchelewa hakuumi, na ninyi wawili mmeanza kukwepana sokoni.

Kikao chenyewe

Fika dakika 15 kabla. Panga viti nusu duara kwa namba, 1 hadi 25, kila mtu akae kwenye namba yake kila wiki. Kiti kitupu kinaonekana bila kuita majina. Saa kumi kamili anza, hata kama mpo tisa. Ukiwasubiri waliochelewa, umewaadhibu waliowahi, na wiki ijayo nao watachelewa.

Siku utakayochelewa wewe, na itafika, usitoe maelezo ya foleni. Simama, sema "Nimechelewa dakika saba, faini yangu mia tano hii hapa," iweke mezani kabla hujakaa. Faini ya mwenyekiti hutazamwa kuliko katiba nzima. Ukijisamehe mara moja, hutaweza kumtoza mtu mwingine faini mwaka mzima, na utakayemtoza atakukumbusha mbele ya wote.

Kuna jambo moja dogo kwenye utaratibu huu ambalo vikundi vingi vimeliacha kwa kuliona la kitoto, na ndilo linalojenga kikundi kuliko hotuba yoyote. Mwisho wa kila kikao salio hutamkwa kwa sauti, na kila mtu analishika kichwani. Kikao kinachofuata, kabla kufuli la kwanza halijaguswa, mwenyekiti anamnyooshea mtu mmoja: "Namba 14, tulifunga na shilingi ngapi?" Namba 14 anatazama juu, anahesabu kwa vidole. "Laki sita, arobaini na mbili elfu, mia tano." Namba 9 anatikisa kichwa kukubali. Ndipo washika funguo watatu wanasogea mmoja mmoja, kila mtu na ufunguo wake kutoka nyumbani kwake, kufuli tatu zinafunguka, na wahesabu wawili wanamwaga hela kwenye sinia na kuhesabu kila mmoja kwa zamu yake. Zikitoka 642,500, kikao kinaendelea. Zikitoka 641,500, hakuna hisa wala mkopo mpaka elfu moja hiyo ijulikane ilipo.

Uliza namba tofauti kila wiki, na mara kwa mara yule asiyesoma vizuri au anayekaa kimya. Wiki mbili za kwanza watachekana. Kufikia ya nne kila mtu anakuja amekariri, kwa sababu hajui kama leo ni zamu yake. Kikundi chenye watu 25 wanaoijua hela yao kwa kichwa hakihitaji mwenyekiti mkali.

Wewe usishike hela. Ina wahesabu, ina mtunza sanduku, ina katibu wa kugonga mihuri ya hisa kwenye vitabu vya wanachama. Nafasi ya hisa ambayo haikununuliwa wiki hiyo ipigwe mstari pale pale, isije ikapata muhuri usiku. Kazi yako ni muda na utulivu. Mfuko wa jamii kwanza, kisha hisa, kisha marejesho, mwisho mikopo. Hisa zikichukua dakika moja na nusu kwa mtu, watu 25 wanakula karibu dakika 40, kwa hiyo mikopo iwekwe kila kikao cha nne. Bila hivyo mtamaliza magharibi na wenye watoto wadogo wataanza kuaga katikati.

Maombi ya mkopo, na la kwako likiwemo

Tabia ya uongozi hujulikana kwenye mikopo. Tuseme sandukuni kuna 1,200,000 na maombi yamefika 1,900,000. Pengo ni 700,000. Mwenyekiti mbaya anaanza kuchagua nani anafaa. Mwenyekiti anayejua kazi yake anasoma maombi yote kwa sauti, anataja pengo, na kama ombi la kwake limo, anaanza kulipunguza hilo: "Niliomba laki tatu, nachukua laki na nusu." Baada ya hapo ni vigumu mwenye laki nne kung'ang'ana. Pengo sasa ni 550,000, na kikundi kinalimaliza chenyewe kwa kuanzia na maombi makubwa.

Maoni yako juu ya mkopo wa mtu yatoe mwisho. Ukisema wa kwanza "huyu tunamwamini", waliokuwa na shaka watanyamaza, kisha deni likilala watasema ulimpa wewe.

Kila mwombaji aseme mambo mawili: hela inakwenda wapi na marejesho yatatoka wapi. Kanuni ya mkopo kutozidi mara 3 ya akiba yake inasaidia lakini haitoshi. Laki tatu kwa miezi mitatu, kwa riba ya 5% kwa mwezi ya mkopo wa awali, ni marejesho ya 115,000 kila mwezi. Muulize kwa upole biashara yake inaachia kiasi gani kwa wiki. Akisema elfu ishirini, basi ni kama elfu themanini kwa mwezi, na wote mmeshaona haifiki. Mpunguzieni hadi laki mbili: marejesho yanakuwa kama 77,000 na anaweza kuyabeba. Mikopo ya msiba na hospitali ipite kwenye mfuko wa jamii, usiochanganywa na hisa.

Wiki ya 18 na kuendelea

Kati ya wiki ya 18 na ya 30 mzunguko unakuwa mzito. Upya umeisha, mgao hauonekani. Kwa waliofunga hesabu Desemba, kipindi hiki kinaanza mwishoni mwa masika, wakati wachuuzi wengi wameshapoteza siku kadhaa za mauzo. Hapa mwenyekiti anajikuta anatafuta maneno ya kutia moyo. Usitafute maneno, leta hesabu.

Wiki ya 25 katibu aandike kwenye karatasi kubwa: hisa zote zilizonunuliwa mpaka leo, mfano 1,875; hela iliyo sandukuni pamoja na mikopo iliyo nje bila riba isiyolipwa, mfano 4,350,000. Gawa. Hisa ya 2,000 leo ina thamani ya 2,320. Kila mtu azidishe kwa hisa zake mwenyewe, kwa kalamu yake, kwenye kitabu chake. Karatasi ibaki ukutani mpaka kikao kiishe. Mtu aliyeona kwamba hisa zake 100 zimekuwa 232,000 hahitaji kuimbiwa.

Kwa aliyezidiwa, kanuni ni hisa moja. Anayenunua nne akikosa, anunue moja, lakini aje na akae kwenye namba yake. Kinacholindwa hapo ni kuja kwenyewe. Asiyekuja mara mbili mfululizo huwa anaona aibu mara ya tatu, na ya nne anaanza kuuliza atarudishiwaje hela yake. Kwa hiyo baada ya kukosekana mara moja mfuate nyumbani, Jumapili, bila daftari.

Na wewe pumzika. Mara moja kwa mwezi mwache mtu mwingine aendeshe kikao huku umekaa kwenye namba yako kama mwanachama. Mpe wiki moja ya kujiandaa na zile dakika 20 za Alhamisi. Kikundi kisichoweza kukaa bila wewe ni kasoro yako, hata kama watu wanakisifu.

Miezi mitatu ya mwisho

Tarehe ya mgao ipangwe mwanzoni kwa kuangalia hela inahitajika lini. Mjini wengi wanataka mwanzoni mwa Desemba, kabla ya ada. Kwa wakulima ni kabla ya msimu wa kupanda; mgao wa wakati wa mavuno unakuta watu wana hela tayari na unaishia harusini.

Usitolewe mkopo unaovuka tarehe hiyo, na wa mwisho uwe umerudi wiki nne kabla. Hatari yake ni kwamba hela yote sasa imelala sandukuni nyumbani kwa mtu mmoja, na mtaa mzima unajua. Mamilioni hayalali chini ya kitanda: pelekeni benki au kwenye akaunti ya kikundi ya simu inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha, na salio lisomwe kikaoni kama kawaida. Kwa kufungua akaunti mtaombwa usajili. Tanzania vikundi hivi viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na husajiliwa kupitia halmashauri. Kenya kikundi cha namna hii, huko huitwa chama, hufuata sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022. Fanyeni hilo mwezi wa kwanza, wakati hakuna anayeharakisha.

Siku ya mgao hesabu ni fupi. Hisa 3,750, hela 9,000,000, kila hisa 2,400. Mwenye hisa 200 anachukua 480,000: zake laki nne na faida elfu themanini. Hesabu ifanywe na watu wawili waliokaa mbali, majibu yalinganishwe, ndipo hela iguswe. Anayedaiwa akatwe hapo hapo. Mwenyekiti apokee wa mwisho.

Kabla watu hawajatawanyika, fanyeni uchaguzi wa siri, kwa punje za mahindi kwenye bakuli zilizofichwa nyuma ya kanga, kila mgombea na bakuli lake. Usipochaguliwa, kabidhi lile daftari dogo la Alhamisi kwa aliyeshika nafasi yako. Kisha washika funguo wapya wafungue sanduku tupu, na kila anayeendelea anunue hisa yake ya kwanza ya mzunguko mpya pale pale, hela ikiwa bado mkononi.